Kope kubaki limelegea baada ya chokea kupona: ni uvimbe, msuli, au macho hayakuwa sawa tangu mwanzo?

#1 Njoro_Juu
Habari wakuu. Naleta hoja, mnipinge kwa vipimo.

Chokea (wengine mnasema chekea) halilegezi kope. Kinacholegeza ni mikono: kubinya, kusugua, kuvuta kope kila baada ya dakika kumi mbele ya kioo ili kuona kama usaha umetoka.

Mfano ninaouleta ni wa mtu wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Moshi mjini. Chokea lilitoka kope la juu la jicho la kulia, likavimba siku nne, likapasuka lenyewe, likakauka. Sasa ni wiki ya tano. Haumwi, haoni ukungu, lakini jicho la kulia limebaki dogo kuliko la kushoto. Kila anayemuuliza anamwambia "subiri, litarudi". Nauliza: ni kitu gani hasa kimelegea mle ndani, na kusubiri kunageuka kupoteza muda lini?

#2 NesiWaZamu
Mkuu, umekimbilia mikono mapema. Anza na uzito.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki milimita moja, na chini yake karibu hakuna mafuta. Maji ya uvimbe yanatandaa humo kirahisi na yanachelewa kuondoka. Msuli unaoinua kope ni mwembamba pia, kwa hiyo uvimbe mdogo ambao shavuni usingeuona, kwenye kope unashusha pazia. Wiki ya tano si ajabu hata kidogo.

Ajaribu hivi. Afumbe jicho taratibu, apitishe ncha ya kidole juu ya kope kutoka upande wa pua kwenda upande wa sikio bila kukandamiza. Akikuta kitu kigumu mfano wa punje ya choroko, kisichouma, basi chokea halikuisha bali limegeuka kalazioni: tezi ya mafuta imeziba, mafuta yamevujia ndani na mwili umeyazungushia ukuta. Kitu hicho kinaweza kukaa miezi, na kope litaendelea kuning'inia kwa sababu limebebeshwa mzigo. Msuli wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa.

#3 FundiMiwani
Kabla hamjafika mbali, hapa hakuna namba hata moja. "Jicho dogo" si kipimo. Chukueni rula ya plastiki inayoonyesha, yenye milimita.

Kwanza, mhusika akae, macho yake na ya mpimaji yawe usawa mmoja. Mpimaji ashike tochi ya simu katikati ya macho yake mwenyewe, mhusika aitazame. Kila mboni itakuwa na nukta nyeupe ya mwanga. Pima kutoka kwenye nukta hiyo hadi ukingo wa kope la juu. Kwa watu wengi ni milimita 4 hadi 5. Tofauti isiyofika milimita moja kati ya macho mawili ni ya kawaida, nusu ya watu mnaopanda nao daladala wanayo. Kope likiwa limeshuka mm 1 hadi 2 tunaita kulegea kidogo, mm 3 wastani, mm 4 na kuendelea ni kwingi.

Pili, nguvu ya msuli. Bonyeza nyusi kwa kidole gumba zisipande, kwa sababu msuli wa paji la uso hufanya kazi ya kope kwa siri. Atazame chini kabisa, weka sifuri ya rula kwenye ukingo wa kope. Atazame juu kabisa bila kuinua kichwa. Kope lisafiri mm 12 au zaidi. Likisafiri chini ya mm 5, msuli wenyewe ni dhaifu na hoja inabadilika kabisa.

Tatu, mkunjo. Kutoka ukingo wa kope hadi mstari wa mkunjo, jicho likitazama chini. Kwa wengi ni kati ya mm 7 na 10. Andikeni ya pande zote mbili.

#4 ChaliiWaUngaLtd
Naweka langu. Ule usaha unapita kwenye mshipa wa uso, mshipa unakufa ganzi, kope linaanguka. Ni kama wale wanaopinda mdomo baada ya kupigwa na baridi.

#5 Optika_Moshi
Hapana, chalii wangu, hapo umegeuza kinyume, na kosa hili ni la wengi.

Neva ya uso (ya saba) ndiyo inayofumba jicho. Ikifa, jicho linabaki wazi, halifungi hata usingizini, na mdomo unapinda. Nyusi ya upande huo inashuka, ndiyo maana kwa mbali mtu hudhani kope limelegea. Kinachofungua jicho ni neva ya tatu, inayoendesha msuli mkubwa wa kuinua kope. Nyuma ya huo kuna msuli mdogo wa Müller, unaoendeshwa na neva nyingine zinazotoka kifuani na kupanda shingoni. Mdogo huu unachangia kama mm 2 tu.

Chokea liko ukingoni mwa kope, mbali na neva hizo zote. Haliziui. Kwa hiyo kope likianguka kwa neva, chokea limesingiziwa, na mtu asikae nyumbani. Dalili ni hizi:

Kope limeanguka, jicho limekwenda nje na chini, mboni imetanuka, anaona vitu viwili viwili, kichwa kinauma ghafla: hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mshipa wa damu wa kichwani unaweza kuwa umevimba na kuikandamiza neva ya tatu.

Kope limeshuka mm 1 au 2 na mboni ya upande huo ni ndogo kuliko ya pili, hasa gizani: hiyo ni hali aliyoieleza Horner, daktari wa Uswisi, mwaka 1869. Sababu hutafutwa shingoni na kwenye ncha ya pafu.

#6 Njoro_Juu
Asante Optika. Mboni za mhusika ziko sawa, na macho yanatembea pande zote.

Nesi, nimeelewa #2, ila uvimbe ungekuwa ndiyo sababu, kope lingekuwa nene. Hili si nene.

#7 NesiWaZamu
Unene wa maji huoni kwa macho mchana, unauona asubuhi. Mtu akilala, maji yanajikusanya usoni; akisimama saa chache yanashuka. Apime saa moja asubuhi, kisha saa saba mchana. Kope likiwa chini zaidi asubuhi na likipanda mchana, hayo ni maji. Na alale kwa mgongo au upande wa pili, mito miwili, siku nne tano, aone tofauti.

#8 MamaMachame
Mmesema kalazioni, basi tuseme na namna ya kuikanda, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Maji yawe ya moto kiasi ambacho ndani ya kifundo cha mkono unavumilia bila kuruka. Kitambaa safi cha pamba, kikunje mara nne, chovya, kamua, weka juu ya jicho lililofumbwa. Kinapoa ndani ya dakika mbili, kwa hiyo weka chupa ya chai pembeni na uchovye tena na tena hadi dakika 10 zitimie. Mara nne kwa siku. Kukanda mara moja jioni kwa dakika mbili ni kulowesha uso tu, mafuta yaliyoganda hayayeyuki.

Baada ya joto, sugua polepole kuelekea kwenye nywele za kope: kope la juu unashusha, la chini unapandisha. Tezi hizi (alizieleza Meibom mwaka 1666, ziko kama 30 hadi 40 kope la juu) zimesimama wima na mdomo wake uko ukingoni. Ukisugua kwa mlalo unazikunja, hutoi kitu.

Yai la kuchemsha lililofungwa kwenye kitambaa linashika joto vizuri lakini linaunguza bila mtu kujua. Na usitumbue! Ukitumbua, usaha unasambaa ndani ya kope.

#9 Njoro_Juu
Mama, "sugua polepole" na "usisugue" zinakaaje pamoja? Hoja yangu ya #1 ndiyo hiyo.

#10 MamaMachame
Zinakaa vizuri, baba. Ncha ya kidole, uzito wa kuandika kwa penseli, mara tano au sita, basi. Anayefikicha macho kwa ngumi kama mtoto mwenye usingizi hafanyi hicho nilichosema.

#11 ChaliiWaUngaLtd
Nimekubali la neva, Optika. Sasa dawa za matone je? Duka la dawa unaeleza jicho limevimba, unapewa kichupa, uvimbe unashuka siku ya pili. Kwa nini usiendelee nacho hadi kope lirudi?

#12 Kitivo
Swali zuri, na jibu lake litamwokoa mtu macho. Soma lebo. Ukikuta deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo ni steroidi, mara nyingi imechanganywa na antibayotiki kwenye kichupa kimoja. Ndiyo inayoshusha uvimbe haraka, na ndiyo inayovutia watu waendelee.

Ikitumika kwa wiki kadhaa bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda kimya kimya na kuua neva ya kuonea. Miezi ikipita inaleta mtoto wa jicho. Ukiwa na kidonda kwenye kioo cha jicho (utando angavu wa mbele), hasa cha fangasi au cha kirusi cha malengelenge, steroidi inakifungulia njia. Na hili linahusu uzi huu moja kwa moja: matumizi ya muda mrefu ya matone ya steroidi yenyewe yanajulikana kulegeza kope. Sababu bado inabishaniwa, wengine wanasema inadhoofisha msuli, wengine wanasema ni kihifadhi kilichomo kwenye dawa.

Kwa hiyo Njoro_Juu, uliza kwanza huyo mtu alitumia kichupa gani na kwa siku ngapi. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1 au matone ya kloramfenikoli si steroidi. Kichupa kikishafunguliwa kitupwe baada ya wiki nne hata kama kimebaki nusu.

#13 SistaSakina
Mnajadili chokea, nami naona vumbi. Arusha na Moshi kuanzia Julai hadi mvua za vuli ni vumbi la barabara, na macho yenye mzio yanawasha kuanzia asubuhi. Mtu anafikicha. Vidole vichafu vinapeleka bakteria kwenye tezi, chokea linatoka. Chokea linapona, mzio unabaki. Chini ya kope la juu vinajipanga vivimbe kama mawe ya barabarani, vinaongeza uzito na kukwaruza kioo cha jicho, na mtu anaanza kujikunyata jicho bila kujua.

Huwezi kuviona bila kupindua kope. Mhusika atazame chini, shika nywele za kope la juu, weka njiti safi ya pamba juu ya mkunjo, pindua kope juu yake. Anayejua afanye, asiyejua asijifunzie kwa mtu.

Kwa hiyo chokea na kulegea vyote viwili vinaweza kuwa watoto wa mama mmoja, yaani mzio. Kutibu kope ukaacha mzio ni kurudi pale pale msimu ujao.

#14 Optika_Moshi
Sista umesema jambo. Naongeza kujikunyata: jicho kavu au lililokwaruzwa hujifunga kidogo kwa kujilinda. Msuli wa kufumba unashinda wa kufungua. Kope linaonekana limelegea kumbe linabanwa. Utalijua kwa kope la chini: likiwa limepanda na nyusi imeshuka, ni kubana. Kope la chini likiwa pale pale na nyusi imepanda, ni kulegea kweli. Tone la machozi ya bandia yasiyo na dawa, mara nne kwa siku kwa wiki mbili, litakuonyesha.

#15 FundiMiwani
Mmesahau maelezo rahisi kuliko yote: macho hayakuwa sawa tangu zamani, chokea limemfanya atazame kioo.

Atoe picha za zamani: kitambulisho cha NIDA, cheti, picha za harusi. Tatu au nne, za miaka tofauti, alizotazama mbele. Asitumie picha za kujipiga kwa kamera ya mbele kwa umbali wa mkono, lenzi hiyo inapanua kilicho karibu na simu nyingine zinageuza kulia kuwa kushoto. Picha mpya ipigwe na mtu mwingine, mita moja na nusu, kamera usawa wa macho, kichwa kisiinuke.

Kisha kuna sheria ya Hering. Ubongo hutuma amri moja kwa makope yote mawili, haujui kutuma kwa moja. Kope la kulia likilegea, amri inaongezwa, la kushoto lisilo na tatizo linapokea nguvu ya ziada na kufunguka kupita kiasi. Kwa hiyo tofauti unayoiona ni kubwa kuliko ulegevu wenyewe. Inua kope la kulia kwa kidole hadi usawa wake, ushikilie nusu dakika, tazama la kushoto. Likishuka, umeiona sheria.

Mara nyingine jicho "dogo" ndilo zima, na lile "kubwa" ndilo lenye tatizo: tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huvuta kope juu hadi weupe unaonekana juu ya mduara mweusi.

#16 Kitivo
Naunga mkono #15, hasa la mwisho. Watu wameshahangaika na jicho zima.

#17 Optika_Moshi
Turudi kwa swali la #1, "kitu gani kimelegea". Kama vipimo vitathibitisha kulegea kweli, ninayemshuku ni kano.

Msuli wa kuinua kope haushiki kope moja kwa moja. Unaishia kwenye kano pana, nyembamba kama karatasi ya sigara, inayoshuka na kujishikiza kwenye bamba gumu lililo ndani ya kope. Uvimbe mkubwa wa siku kadhaa unaivuta, kufikicha kunaivuta, kuvaa na kuvua lenzi za macho miaka mingi kunaivuta. Inakonda au inabanduka, msuli ukiwa mzima. Ni kamba ya pazia iliyofunguka fundo: unavuta, pazia halifuati lote.

Dalili zake: nguvu ya msuli ni nzuri (mm 12 na zaidi), mkunjo umepanda juu kuliko wa jicho la pili, kope limekuwa jembamba, na akitazama chini kusoma kope linazidi kushuka. Linganisha na ulegevu wa kuzaliwa: huko akitazama chini, kope lenye tatizo linabaki JUU kuliko la pili, maana msuli wake ni mgumu, haukunjuki. Hiki cha kutazama chini ni kipimo cha bure na watu hawakitumii.

#18 NesiWaZamu
Kano ipo, sikatai. Ila chokea moja la siku nne kubandua kano ya mtu wa miaka thelathini? Kwangu hiyo ni sababu ya tatu au ya nne. Kano inayobanduka ni ya wazee, au ya uvimbe uliorudi mara nyingi, au ya selulaitisi (maambukizi ya ngozi na nyama ya chini yake) ya kope lote lililofunga jicho.

Na hapo niseme wazi, kwa sababu uzi huu utasomwa na mzazi usiku. Kope zima likiwa jekundu, la moto, limefunga: fungua kwa vidole vilivyonawa, tazama jicho lenyewe. Likiwa jeupe, linaona, linatembea bila maumivu, maambukizi yako mbele ya ukuta unaolinda tundu la jicho. Bado ni hospitali siku hiyo, hasa mtoto, kwa antibayotiki za kumeza. Lakini jicho likiwa limetokeza, kulisogeza kunauma, anaona viwili, au rangi nyekundu inaonekana imefifia, maambukizi yameingia nyuma, mara nyingi kutoka kwenye sinasi, yale matundu ya ndani ya mifupa kando ya pua. Hapo ni kulazwa, sindano za mshipa na kipimo cha CT. Saa chache zinaamua kama jicho litaona.

#19 Mkunazi
Kuna aliyeniuliza inboksi kama "vikope" ndiyo hii. Hapana. Vikope ni trakoma, kitu kingine kabisa, inayosambazwa na mikono, nguo na nzi, na bado ipo kwenye maeneo ya wafugaji kama Longido na Ngorongoro. Ikirudia miaka mingi inaacha makovu ndani ya kope la juu na kulipindua ndani, nywele zinakwangua kioo cha jicho. Makovu hayo yanaweza pia kushusha kope. Kwa hiyo kwa mzee wa huko, swali la kwanza si chokea.

#20 ChaliiWaUngaLtd
Mkunazi wewe ni wa Longido au umehamia Moshi? Maana tangu #5 watu wa Moshi wanatufundisha sisi wa Chuga (Arusha) kama tuko darasa la tatu.

#21 Mkunazi
Mangi Optika kafundisha vizuri, mwache. Vumbi lenu la Unga Limited ndilo linalompa kazi.

#22 Kitivo
Kabla hamjaenda kwenye ndizi na nyama choma: mmeacha mambo mawili yanayojificha nyuma ya "lilikuwa chokea".

Mkanda wa jeshi. Vipele vya paji la uso upande mmoja, vinachoma kama moto, kope linavimba na kuanguka. Kipele kikitokea kwenye ncha ya pua, kuna uwezekano mkubwa jicho limeguswa. Dawa ya kuua kirusi inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Kwa kijana, kipimo cha VVU kifuate.

La pili ni maiasthenia, ambapo kinga ya mwili inazuia amri ya neva isifike kwenye msuli. Asubuhi jicho liko sawa, jioni limeanguka. Leo kulia, mwezi ujao kushoto. Atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja. Kope likiteremka polepole, hapo kuna jambo. Kisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jicho lililofumbwa, dakika 2. Kope likipanda mm 2 au zaidi mara tu barafu ikiondolewa, apelekwe kwa daktari wa neva. Akianza kupaliwa na chakula au sauti kuwa ya puani, asisubiri.

#23 MamaMachame
Kipimo cha Nesi cha #7 na hiki cha #22 vigongane hapa watu waone: chini asubuhi ni maji, chini jioni ni uchovu wa msuli.

#24 Optika_Moshi
Sawa, mama, ila si lazima. Kano iliyokonda nayo huzidi kushuka jioni, kwa sababu ule msuli mdogo wa Müller unachoka kuibebea. Jioni peke yake haitoshi kusema maiasthenia.

#25 ChaliiWaUngaLtd
Na nyoka? Nimesikia makope yakianguka yote mawili baada ya kuumwa.

#26 Kitivo
Ni kweli, na ni katika dalili za mwanzo za sumu ya koboko na ya baadhi ya swila, ile inayopooza misuli. Makope yanaanguka kabla pumzi haijaanza kushindwa. Aliyeumwa na nyoka akianza kuonekana kama ana usingizi, huenda usingizi haupo: hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua. Lakini fungueni uzi wake, huu ni wa chokea.

#27 SistaSakina
Kwa watoto niongeze moja. Kope likifunika mboni kwa mtoto chini ya miaka saba au minane, ubongo unaacha kulitumia jicho hilo na linakuwa jicho vivu, na ukubwani halirekebishiki kirahisi. Hata kalazioni kubwa isiyofunika mboni inaweza kukandamiza kioo cha jicho na kukipindisha, mtoto anaona kwa ukungu. "Subiri litarudi" ya mtu mzima si ya mtoto.

#28 Mkunazi
Na upasuaji? Mmezunguka sana.

#29 Optika_Moshi
Kalazioni isiyoisha baada ya kukandwa sawasawa mwezi mmoja hadi miwili hukatwa kwa ganzi ya sindano. Kope linapinduliwa, mkato unapita ndani, wima, sambamba na tezi, uchafu unakwanguliwa. Dakika 10 hadi 15, kovu halionekani nje. Wengine huchoma sindano ya triamsinoloni ndani ya uvimbe. Inafanya kazi, ila kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka jeupe la miezi, uliza kabla. Na kalazioni inayorudi pale pale kwa mtu mzima, nywele za kope zikipukutika sehemu hiyo, nyama yake ipelekwe maabara. Saratani ya tezi hizo hujivika sura ya kalazioni.

Kwa ulegevu wenyewe: kano inakazwa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho ili daktari amwambie afungue jicho na kulinganisha. Ulegevu mdogo, msuli mzuri, unaweza kufupishwa msuli wa Müller kwa ndani. Msuli ukiwa dhaifu kabisa, kope linafungwa kwenye msuli wa paji la uso. Hakuna anayepasua kurekebisha ulegevu kope likiwa bado limevimba. Vipimo vinatakiwa visibadilike miezi kadhaa. Tangu 2020 Marekani wana tone la oksimetazolini asilimia 0.1 kwa ulegevu wa watu wazima, linapandisha kama mm 1 kwa saa chache. Halitibu. Na msichukue dawa ya pua yenye jina hilo mkaitia jichoni!

Kwa huku kwetu, aanze kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, kisha rufaa ya KCMC ikihitajika. Aende na picha za zamani na karatasi ya vipimo.

#30 Njoro_Juu
Nashukuru wote. Vipimo vimepatikana leo saa kumi na moja jioni. Nukta hadi kope: kulia mm 3, kushoto mm 5. Nguvu ya msuli: kulia 14, kushoto 15. Mkunjo: kulia 10, kushoto 8. Hakuna punje. Akitazama chini, la kulia linashuka zaidi. Kichupa alichotumia kina deksamethasoni, siku kumi na nane.

#31 Optika_Moshi
Mkunjo umepanda, msuli mzuri, kutazama chini linashuka. Kano.

#32 Kitivo
Siku kumi na nane za steroidi! Apimwe presha ya macho wiki hii, hilo halisubiri mjadala. Na kichupa kisimame kwanza ndipo tuhukumu kope.

#33 NesiWaZamu
Kipimo kimoja, cha jioni. Nilisema asubuhi na mchana.

#34 FundiMiwani
Nina mashaka na 14. Nyusi zilishikwa? Na kushoto mm 5, mlijaribu kuinua la kulia mkaona kama linashuka hadi 4? Likishuka, tofauti yenu ya mm 2 imekuwa mm 1, na picha za zamani bado hujazileta.

#35 Njoro_Juu
Nyusi hazikushikwa. Kichupa kimewekwa kando, presha ya macho ni Jumatatu. Kesho saa moja asubuhi tunapima upya, nyusi zimebanwa, kisha saa saba. Picha ya NIDA naitafuta.